Barua za Majenerali na Mashine ya Shemeji Gidioni

Ziling'aa.

Mzee Kolbi alifungua boksi juu ya meza ya chakula ya binti yake, pale Grand Prairie, jirani na Dallas, akatoa barua ya kwanza, na mwanga wa taa ukateleza juu yake kama unavyoteleza juu ya kitambulisho kipya. Akatoa ya pili. Nayo ikang'aa. Barua zilizoandikwa kwa mkono na majenerali wa Kimarekani wa karne ya kumi na tisa, karatasi zilizopona mvua, farasi, panya na wajukuu wasiojali, sasa zimelala mbele yetu ndani ya plastiki ngumu, kona zimekatwa mviringo, safi kabisa, kama menyu ya mgahawa wa kuku.

Zimepigwa laminesheni. Zote.

Mzee hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Aliipinda moja kidogo, ikalia twak, akairudisha mezani, akaniangalia mimi mwajiriwa wake. Nyuma yangu alisimama shemeji yangu Gidioni, mume wa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyetuleta kwa gari kutoka Houston. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi, anangoja kupongezwa. Tabasamu lilipoona hakuna wa kulipokea, likarudi ndani. Ndipo nikamsikia akisema, kwa kile Kiingereza chake cha kuvalia suti, "Ni yeye aliyeniagiza, sir."

Yeye, yaani mimi. Na kidole akaninyooshea.

Sasa nirudi nyuma, wanangu, maana Anita, mtoto wa huyo huyo Gidioni, aliponiomba niandike kwenye kijitabu cha vijana wa kanisa kuhusu kazi niliyostaafu, aliniambia, "Mama Mkubwa, andika kitu funny, halafu weka na advice." Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba, Kilosa. Akasema, "It's okay, nita-edit." Haya, Anita. Edit, lakini majina usiyaguse.

Kazi yenyewe niliingia kwa mlango wa jikoni. Mzee Kolbi alikuwa amebadilishiwa nyonga, wakala akanituma nyumbani kwake Houston nimuogeshe, nimpikie na kumpa dawa. Nikakuta nyumba ina karatasi kuliko ofisi ya kata. Kabatini karatasi, chini ya kitanda karatasi, kwenye bafu la wageni maboksi mpaka dirishani. Nikamuuliza kwa heshima, "Mzee, hizi za zamani nizitupe?" Nyonga mpya na yote, aliruka.

Ndipo akanikalisha. Yeye ni mkusanyaji, akasema, tangu ujana ananunua na kubadilishana barua za makamanda wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Sasa miguu imegoma na mikono inatetemeka. Anahitaji vidole. Vidole vyangu vimesuka nywele za nusu ya wanawake wa Gulfton, mtaa wetu pale Houston, vinajua kutenganisha kitu chembamba bila kukikata. Basi polepole nikaacha kuuguza nyonga, nikaanza kuuguza karatasi.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa glavu za mpira, najiona daktari. Akasema vua. Glavu inafanya kidole kiwe kijinga, hakisikii karatasi inapoanza kuchanika. Osha mikono, kausha mpaka katikati ya vidole, na usipake mafuta wala losheni. Mimi, mtoto wa Kiafrika, ndani ya AC ya Texas, nisipake losheni! Nilifanya kazi ile na mikono ya kijivu kama mjusi. Kanisani watu walinipa mkono kwa huruma.

Kalamu ya wino haiingii chumbani, ni penseli tu. Chai haiingii. Na yeyote anayelamba kidole ili afunue ukurasa, hata awe mchungaji, mtoe nje. Wino wa zama zile ulitengenezwa kwa chuma. Ulikuwa mweusi, umezeeka umekuwa rangi ya chai kavu, na chuma hakina shukrani: mwishowe kinakula karatasi iliyokibeba. Ukikuta herufi zimeanza kuwa matundu, usiinyanyue barua kwa kona kama unavyonyanyua risiti. Telezesha karatasi nzima chini yake, uibebe kama chapati ya kwanza ambayo haijaiva vizuri.

Mnadhani majenerali waliandika juu ya ushindi? Waliandika juu ya meno. Soksi. Kuhara. Kuna mmoja tulimpa jina la Jenerali Nyumbu, kwa sababu hakuna barua yake hata moja isiyowalalamikia nyumbu wa kubeba mizigo. Alimwandikia mkewe, na ukurasa ukiisha anaigeuza karatasi ubavu na kuandika tena juu ya mistari ile ile, ikikatiza kama wavu, ili kuokoa karatasi. Mimi mwandiko ule niliuona kama njia ya siafu, lakini Mzee alikuwa ananisomea huku nikimkanda mguu. Mtu ana maelfu ya askari, anakosa usingizi, na bado anaulizia kama kuku wa nyumbani wanataga. Ninyi mna simu zisizoisha data, mama akiuliza umekula mnamjibu kwa herufi moja. Siwasemi. Nataja tu.

Wakusanyaji wanazililia hasa barua alizoandika jenerali mwenyewe, tangu juu hadi jina. Nyingi ziliandikwa na karani, bwana mkubwa akatia sahihi tu na kurudi kulala. Tena zipo nakala zilizochapwa zamani, ukiziona unaapa ni za kweli. Inamisha karatasi kwenye mwanga. Kalamu ya kweli inaacha mfereji, na pale mwandishi alipotua kufikiri wino unakuwa mzito. Nakala ni bapa, kama kicheko cha mtu aliyelazimishwa kupiga picha. Mzee mwenyewe aliwahi kununua moja ujanani, akaiota wiki nzima, akaja kugundua. Hakuitupa. Aliiweka kwenye fremu, akaitundika chooni mbele ya kiti, na kuiita Mwalimu. "Misi Yustina," aliniambia, "hakuna aliyenidanganya. Niliipenda kabla ya kuitazama."

Mlikumbuke neno hilo.

Tulikuwa tunakwenda Dallas na Fort Worth kwenye maonyesho yao. Mimi usukani, Mzee kiti cha mbele, boksi kiti cha nyuma limefungwa mkanda. Siku moja askari wa barabarani akatusimamisha, akachungulia nyuma. "Mmempakia nani?" Mzee akajibu bila kutabasamu, "Jenerali." Yule kijana akasimama wima kidogo kabla ya kujistukia. Tukacheka mpaka tukapita njia yetu ya kutokea barabara kuu bila kuiona.

Mafuriko ya 2017 waliokuwa Houston hawahitaji kuelezwa, na waliokuwa Dallas walituombea kwa emoji. Mzee alikuwa ameshakwenda Grand Prairie kwa binti yake, Kerol. Akanipigia. "Misi Yustina, watu kwanza. Zile ni karatasi tu." Lakini alisema "karatasi tu" kama mtu anavyosema "ni mbwa tu" huku mbwa wake yuko juu ya paa.

Nyumba yake haikuwa mbali na Gulfton kwangu. Nilikwenda. Siwashauri, nawasimulia. Maji yalikuwa kiunoni, ya rangi ya kahawa, yanabeba viatu na mapipa. Rafu ya chini ilikuwa imekwisha kunywa. Nikakusanya barua za Jenerali Nyumbu na wenzake, za juu kavu, za chini zimelowa, nikatia kwenye boksi moja la plastiki, nikajitwika. Njiani akapita mtu na mtumbwi wa injini, akapaza sauti, "Mama, tupa hilo boksi, panda!" Nikapanda nalo. Akauliza kuna nini humo cha kufia. Nilikuwa nimechoka, nikampa jibu lile lile la Mzee: "Jenerali." Aliniangalia kama mtu aliyekunywa maji ya mafuriko.

Hapa kuna ufundi, sikilizeni. Karatasi iliyolowa usiitenganishe kwa nguvu na mwenzake. Usiianike juani, usiipige pasi. Usiyoweza kuishughulikia leo, ifunge kwenye karatasi ya kuokea uiweke kwenye friza, kesho utaendelea. Kwangu umeme ulikuwepo. Nikatoa samaki wangu wote, nikaliingiza jeshi la Marekani. Zilizobaki nikazilaza juu ya karatasi za kunyonya maji, nabadilisha na kubadilisha, feni ikielekea ukutani ili upepo uzungushwe, usizipige usoni.

Na siku hizo hizo mdogo wangu Tumaini alihamia kwangu na Gidioni na Anita, maana nyumba yao ya mtaa wa Alief maji yaliingia. Sebule ilijaa barua, tukawa tunatembea kiubavu kama kaa.

"Shemeji," Gidioni akalalamika, "hawa marehemu wako wamechukua hata pa kuweka sahani."

"Kula umesimama, utakuwa mrefu."

"Lakini Mungu ni mwema. Dukani kwangu maji hayakufika. Mashine yangu imepona. Mungu ana mpango na ile mashine."

Laiti ningemuuliza mpango gani.

Wote mnalijua duka lake kule Alief: picha za pasipoti, programu za misiba, fotokopi, na mashine ya laminesheni iliyowekewa kitambaa cha kushona kama redio ya bibi. Ninyi mliozaliwa hapa mnacheka, lakini niwaeleze habari za wazee wenu. Kwetu karatasi ina maadui wengi: mchwa, paa linalovuja, moshi, mtoto mwenye uji mkononi. Cheti chako ukikipata, siku hiyo hiyo unakwenda mjini kukipiga laminesheni. Cheti kisichopigwa ni cheti kisichopendwa. Changu cha darasa la saba kimevuka bahari ndani ya plastiki yake, hakina hata kovu. Kwa hiyo Gidioni alipokaa siku zile akitazama karatasi kongwe zilizoponea chupuchupu, hakuona barua za kihistoria. Aliona uzembe wa Mzungu. Tajiri mzima, barua za majenerali, na miaka yote hii hakuna aliyezipeleka kwenye mashine!

Nilizikausha zote. Nikazinyoosha chini ya cherehani na mfuko wa unga. Hazikuwa nzuri, lakini zilikuwa hai. Halafu maji machafu yakadai chake: kidonda cha mguuni kilivimba, homa ikapanda, nikalazwa. Niliwaambia Tumaini na Gidioni maneno mawili tu: msiguse barua. Tumaini akaitikia, "Ndiyo, Dada." Nilipotoka, nachechemea, boksi limeshafungwa kwa utepe, gari linaunguruma. Nikalibeba nikasema, mbona zito? Nikadhani ni mwili wangu umeisha nguvu.

Njia nzima Gidioni alikuwa anapiga mluzi.

"Mzungu wako leo atalia, Shemeji."

"Atalia nini?"

"Furaha."

Tumaini alikuwa anatazama dirishani. Alijua. Nawataja wote wawili, na huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Basi tukafika pale mlipotukuta mwanzoni. Kidole kiliponielekea nikafungua mdomo, na Tumaini akanikanyaga chini ya meza, mguu ule ule wenye bandeji. Machozi yakanitoka. Kerol akayaona, akanikumbatia, akasema, "Usijali, tunajua ulitaka kusaidia." Hivyo ndivyo nilivyoungama bila kusema neno.

Barua zile zilipelekwa kwa mtaalamu. Plastiki ya joto inayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za karatasi. Alituambia kuitoa ni kama kumwambia mpishi atoe chumvi kwenye mchuzi. Mzee hakunifukuza. Hilo lingekuwa rahisi. Alichukua barua moja ya Jenerali Nyumbu, ile ya kuku, akaitundika chooni kumtazama Mwalimu. Walimu wakawa wawili, na mimi ndiye niliyesafisha choo. Wageni wakiuliza, anasema kwa upole, "Ah, hilo ni somo la Misi Yustina." Kwenye maonyesho Fort Worth wakusanyaji wakaniita Misi Plastiki. Nikipita, mmoja anafunika meza yake kwa mikono miwili, wenzake wanacheka. Nami nacheka. Ukiwa mgeni unajifunza kucheka mapema, kabla hawajamaliza.

Najua mtauliza: kwa nini sikusema? Kwa sababu wiki ile ile Tumaini alikuja kwangu analia. Gidioni alikuwa kwenye foleni ya uraia, na alikuwa na hofu ya kushitakiwa. "Mzungu akienda mahakamani, Dada, ndoto yote imekufa. Wewe anakupenda, hatakufanya kitu." Na Gidioni mwenyewe, mlangoni, kofia mkononi: "Shemeji, nikishaapishwa tu, kesho yake nakwenda kwa Mzee, nasema mwenyewe." Nikakubali kungoja. Ni baba wa Anita.

Aliapishwa 2019. Nilipika pilau ya sherehe mimi mwenyewe. Alipunga kabendera, akahutubia juu ya nchi ya watu wakweli. Nikamfuata jikoni.

"Shemeji, sasa je?"

"Shemeji, leo ni siku ya furaha. Next week."

Wiki hiyo bado haijafika Alief.

Mwaka huu wa maradhi ya korona Mzee ameingia nyumba ya wazee, Fort Worth. Kerol amegawa mkusanyo kwa wanaoujua, na mimi vidole vyangu vimekaza, nikasema basi, nimestaafu. Wageni hawaruhusiwi, na hakuna kitu kinachoingia chumbani mwake kisichoweza kupanguswa kwa dawa. Karatasi haipangusiki. Mnaona inapokwenda? Katika barua zote za maisha yake, iliyoruhusiwa kukaa naye ni moja tu, ile ya kuku na nyumbu, ndani ya plastiki ya Gidioni. Mwuguzi anaipangusa kila asubuhi kama sinia.

Huwa nampigia kwa video. Kumbukumbu zinamwacha. Anaiinua barua, inang'aa kwenye kamera, anauliza, "Nani aliifanyia hivi?" Anafikiri. Kisha uso unalainika. "Ah. Wewe, Misi Yustina. Sikiliza, nimekusamehe." Namwambia, Mzee, si mimi. Anapunga mkono: "Mambo ya zamani hayo. Nimekusamehe." Wiki inayofuata anasahau kwamba alinisamehe, ananisamehe upya, kwa moyo wote, kama mara ya kwanza. Wanangu, kulaumiwa bure nimekuzoea. Kusamehewa bure ndiko kunakoniamsha.

Kwa hiyo advice yenu ni hii: osha mikono, tumia penseli, na kitu cha mtu usikipende kabla ya kumuuliza mwenyewe. Nimemaliza na ninyi. Sasa nina maneno na mtu mmoja.

Kijitabu hiki, kama miaka yote, kitachapwa dukani kwa Gidioni. Kwa hiyo Shemeji, unasoma kabla yao. Usiseme mashine imeharibika, najua imepona hata mafuriko. Sikukasirikia plastiki, ulipenda kwa namna ya kwetu, na pengine wewe peke yako ndiye uliyempa mzee yule barua ya kufia nayo. Hilo nalo ni lako, lichukue. Lakini kile kidole kirudishe. Tumaini anayo namba ya chumba. Mpigie angali anauliza "nani?", maana siku inakuja atakapoishika ile barua na asiulize chochote. Mwambie kwa Kiingereza kile kile, na ukipenda vaa na suti. Atakusamehe, tena kila wiki, nakuhakikishia. Msamaha wako nimeubeba kichwani kama lile boksi, na mimi nimeshafika nchi kavu. Njoo uutue. Mzee ameuliza ni nani, Gidioni. Jibu.